Nilichokikuta kwenye logi za Git za mwaka wa nne

Najua nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana. Leo sina simu mpya ya kuwaelezea wala programu ya kupakua. Jumamosi iliyopita nilikuwa natafuta picha za harusi ya dada yangu kwenye diski ya zamani, picha sikuzipata, lakini nikakuta mradi wangu wa mwaka wa nne chuoni.

Mradi wenyewe ulikuwa mfumo wa chama cha wafugaji: mkulima analeta maziwa, karani anapima, mkulima anapata ujumbe wa simu unaosema lita ngapi. (Msicheke. Kila darasa la kompyuta huku Bonde la Ufa lina angalau watu watatu wenye mradi wa maziwa.) Programu haikuwa na maajabu yoyote. Kilichonikalisha kitako ni logi zake.

Kwa wasioijua, Git ni programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 ili yeye na wenzake waweze kuendeleza Linux pamoja. Kila unapohifadhi hatua ya kazi, yaani unapofanya komiti, Git inaandika ni nani, amebadilisha nini, na saa ngapi mpaka sekunde. Haisahau. Nikaandika amri moja tu, ya kuhesabu komiti kwa kila saa ya siku:

git log --date=format:%H --format=%ad | sort | uniq -c

Komiti zilikuwa 386. Kati yake 231 zilifanyika kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri. Karibu 6 katika kila 10! Saa iliyoongoza ni ile Git inayoiita 02, yaani saa nane usiku, wakati hata mbwa wa mtaani wameshanyamaza.

Wakati ule ningejivunia. Chuoni kwetu (jina lake halina kazi hapa) mwanafunzi wa kompyuta aliyelala saa nne alionekana kama mtu aliyekosea kozi. Tena sababu zilikuwepo. Bando za usiku zilikuwa rahisi kuliko za mchana. Mchana ploti nzima ilikuwa redio na kelele za ndoo. Usiku kulikuwa kimya, na baridi ya Nakuru unaijua, mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo unajifunika blanketi mabegani na thamosi ya chai ya rangi karibu, unaandika kodi. Wengine walitafuna mogoka. Mimi nilikuwa mtu wa kahawa, vikombe vinne vitano, cha mwisho saa saba usiku. Sikujua kwamba saa tano hivi baada ya kikombe, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Sasa njoo uone upande wa pili. Nilipitia zile 231 moja moja, kazi ya jioni mbili. 58 zilikuwa za kurekebisha nilichokiharibu mwenyewe usiku uliotangulia. Kuna usiku mmoja wa Januari 2020 nilifuta jedwali zima la wakulima, nikalirudisha, nikalifuta tena. Na ule ujumbe mfupi unaoandika kwenye kila komiti ndio ulionitisha zaidi. Septemba 2019 nilikuwa naandika kama mtu: "Nimeongeza fomu ya kusajili mkulima." Novemba: "rekebisha." Desemba: "rekebisha tena." Mwishoni mwa Januari: "sijui." Baada ya hapo kuna wiki mbili ambazo ujumbe ni nukta tu. Nukta, nukta, nukta.

Nilikuwa nikiishi na mwenzangu katika chumba kimoja cha kupanga, yeye akisomea kilimo. Simtaji jina, ingawa nilimpigia simu kuomba ruhusa ya kuandika haya na akasema niandike, mradi nisimfanye mjinga. Tulipendana, tulichangia unga, tulipeana zamu ya kwenda kununua sukuma. Lakini mimi nikilala saa kumi na moja alfajiri naamka saa sita mchana, nikiamka yeye hayupo au amejifunika gubigubi. Nilidhani anahudhuria vipindi vya asubuhi. Yeye naye alidhani najua.

Alikuwa anabeti. Alianza kwa shilingi 50 za mechi za Jumamosi, kama wanaume wote wa ile ploti, mimi nikiwemo. Halafu pesa ya mkopo wa masomo ikachelewa, akabeti karo. Halafu akakopa kwa simu ili arudishe karo, akakopa kwingine ili alipe ule wa kwanza. Fikiria tulivyofika hapo: M-Pesa ilianza 2007, M-Shwari ikaja 2012, na kufikia wakati wetu kile kipande cha plastiki mfukoni kilikuwa benki, kasino na shailoki kwa pamoja, na hakifungi milango usiku.

Nilivyojua ni hivi. Asubuhi moja ya Februari simu yangu ililia, namba nisiyoijua, mwanamke mwenye sauti ya adabu kabisa. Akaniambia nimwambie rafiki yangu alipe deni lake, kama kweli mimi ni rafiki. Ile programu ya mikopo ilikuwa imechukua orodha yote ya namba kwenye simu yake. (Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilikuja kupiga marufuku mtindo huo wa kuwapigia watu wako wa karibu kukuaibisha. Wakati wetu hazikuwepo.) Nikageuka kumtazama. Alikuwa macho kitandani, anatazama ukuta, na amesikia kila neno. Hakuwa ameingia darasani tangu muhula uanze.

Mama yake alikuja kumchukua kutoka Molo, mama wa kanisa, leso kichwani, na gunia dogo la viazi alilotuletea kana kwamba ni ziara ya kawaida. Tulipokuwa tunafunga godoro akanishika mkono.

"Mwanangu, si mlikuwa mnalala chumba kimoja?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hukuona?"

Nikamwambia nilikuwa na mradi. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeelewa, na hilo likaniumiza kuliko angenigombeza.

Baada ya wao kuondoka, usingizi ulinikataa hata nilipoutaka. Moyo ulikuwa unaenda mbio nikiwa nimelala tu. Nilienda zahanati nikapewa dawa ya maumivu ya kichwa. Nikarudi, nikapewa tena. Mara ya tatu muuguzi mmoja alinielekeza kwa mshauri wa wanafunzi, chumba kidogo nyuma ya maktaba ambacho nilikuwa nakipita kila siku nikidhani ni stoo.

Mshauri alinipa karatasi yenye maswali tisa. Baadaye nilijua inaitwa PHQ-9. Inauliza juu ya wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, usingizi, nguvu, kula, kujiona umeshindwa, na mengine. Kila swali unajipa kuanzia 0 mpaka 3, jumla haiwezi kupita 27. Kama mwanaprogramu niliipenda papo hapo, ni funkisheni yenye ingizo tisa na jibu moja. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya, na ilifanya kazi vizuri. Si kipimo cha kukupa jina la ugonjwa, ni cha kuonyesha kama kuna jambo la kuchunguzwa, na mstari unaotumika sana ni 10. Mimi nilipata 14.

Nilimwambia mshauri, "Lakini mimi si mgonjwa, nina mawazo tu." Akacheka kidogo, akasema kila anayeingia pale anasema hivyo. Na ni kweli, lugha yetu inatuficha hapo. Mtu haumwi, "ana mawazo". Watanzania wana neno sonona, zuri sana, lakini huku kwetu sijamsikia mtu akilitumia kwenye matatu. Na sheria nayo ilikuwa inatisha watu wasiseme. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya chini ya kifungu cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sasa mwanafunzi aliyefika hapo angemwambia nani, polisi?

Nilionana na yule mshauri mara tatu. Ya nne haikuwepo, maana Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, nikarudi nyumbani Elburgon.

Hapa ndipo logi zinabadilika, na hili sikulijua mpaka Jumamosi hii. Kuanzia Aprili 2020 komiti za usiku zinakauka. Sikuwa nimeamua lolote. Mama alikuwa ananiamsha saa kumi na moja na nusu alfajiri tukamue, na mtu aliyekamua ng'ombe wawili alfajiri hafiki saa nane usiku macho, hata umpe kahawa ya Kiambu yote. Kafyu nayo ilitufungia ndani. Intaneti ilishika juu barabarani tu, kwa hiyo nilipanda na laptopu mchana, nikafanya kazi saa mbili, betri ikaisha, nikashuka. Kazi ilipungua kwa idadi, lakini komiti za kurekebisha makosa yangu mwenyewe katika miezi hiyo mitatu ni 4. Nne! Na ujumbe umerudi kuwa sentensi. Mmoja unasema: "Nimepanga upya ripoti ya mwezi, Mama kaisoma akaielewa."

Mwenzangu hakurudi chuoni. Analima viazi Molo na ana pikipiki mbili barabarani. Nilipomsomea hii habari kwa simu aliniuliza kama bado nina ile thamosi, maana ilikuwa yake. Ninayo. Halafu akasema kuna jambo hajawahi kuniambia: usiku wa Januari ule alikuwa macho mara nyingi, akisikiliza nikigonga kibodi, na mara mbili alitaka kuniita akaona nisisumbuliwe.

Nimemwahidi kumpelekea thamosi Jumapili.

Kwenye kompyuta yangu ya kazi nimeweka skripti inayokataa komiti kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kuna njia ya kuipita, na nimeshaitumia mara mbili, siwadanganyi. Sasa hivi ni saa nne kasoro dakika sita. Ngoja nihifadhi hii nikalale.