Hukumu ya Asubuhi

Wahenga walisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Nimeifundisha methali hii kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi niliiamini bila ya kuiuliza swali hata moja. Sikuiuliza asubuhi huanza saa ngapi, wala hudumu muda gani, wala ni nani aliyeamka mapema na mwenye macho ya kuitambua nyota hiyo. Maswali haya hayakunijia katika maktaba. Yalinijia katika mabishano juu ya mchezo wa mpira wa kikapu, katika nchi ya mbali, majira ya baridi; na jibu lake limeambatana na kosa langu mwenyewe, ambalo ningependa kuliungama hapa.

Mwaka 2013 nilikuwa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, nikisomea shahada ya udaktari na kufundisha Kiswahili madarasa ya mwanzo ili nipate riziki. Timu ya jimbo hilo, Milwaukee Bucks, ilikuwa imemteua kijana wa miaka 18 kutoka Ugiriki, mwana wa wazazi wa Kinijeria, jina lake Giannis Antetokounmpo. Aliteuliwa usiku wa tarehe 27 Juni 2013, akiwa mtu wa 15 katika safu ya vijana walioteuliwa. Alikuwa mrefu kama mnazi mchanga, na mwembamba kadiri hiyo hiyo. Alikuwa ametoka katika daraja la pili la ligi ya Ugiriki, na kabla ya hapo yeye na ndugu zake walichuuza saa na miwani katika njia za Athens. Alihesabiwa kuwa mchezaji wa mbele, lakini atacheza kwa namna gani hapo mbele, na kama ataweza kucheza, ndilo lililokuwa neno la mabishano.

Tulikuwa watu watatu katika baraza hilo. Wa kwanza alikuwa mwenye nyumba wangu, mzee aliyestaafu kazi ya kiwanda, ambaye aliipenda timu ile tangu ilipotwaa ubingwa mwaka 1971. Wa pili alikuwa mwanafunzi mwenzangu, mtu wa Mombasa. Wa tatu nilikuwa mimi. Mzee alitazama miguu ya kijana, akasema kwamba miguu ile itavunjika chini ya kikapu, mahali ambapo wanaume wazito husukumana kama makuli bandarini. Mtu wa Mombasa alitazama mikono na hatua. "Tazama, ndugu yangu," aliniambia, "wenzake wanapiga hatua nne, yeye anapiga mbili. Nyota njema huonekana asubuhi." Aliapa kwamba kijana huyu atakuwa mtupaji hodari wa mbali, mfano wa Kevin Durant. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote wawili. Nilisema kwamba urefu si elimu, na kwamba watu wanaota ndoto kwa sababu timu yao haina kitu kingine cha kuota.

Ukali wangu ulikuwa na sababu, ingawa sababu si udhuru. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliteuliwa wa 2 na timu ya Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA. Furaha yetu ilikuwa kubwa kuliko busara yetu. Tulimvika taji kabla hajacheza. Mwezi wa Februari 2010 alipelekwa kucheza ligi ndogo, na sisi tuliomvika taji tukageuka kuwa mahakimu wake. Tangu siku hiyo nilijizoeza kutotumaini, na zoezi hilo nikalipa jina la heshima: nikaliita uangalifu wa kitaaluma.

Msimu ule ulionekana kunithibitisha. Milwaukee walishinda michezo 15 wakashindwa 67, na kijana alimaliza na wastani wa pointi 6.8 kwa mchezo. Walakini alikuwako mwingine wa kulinganishwa naye. Usiku ule ule wa Juni, mtu wa kwanza kabisa katika safu alikuwa Anthony Bennett, mchezaji wa mbele kutoka Kanada, aliyechukuliwa na Cleveland Cavaliers. Alikuja akiwa ametoka kupasuliwa bega, akapata wastani wa pointi 4.2, na kabla ya msimu wa pili kuanza alikwisha kuuzwa kwenda Minnesota. Misimu yake 4 katika ligi ile aliichezea timu 4. Bega lake halikukumbukwa na watu. Nambari yake ndiyo iliyokumbukwa.

Katika majira ya machipuko ya mwaka 2014 niliombwa kutoa maoni juu ya wanafunzi wangu waliostahili kusaidiwa fedha ili waendelee na Kiswahili mwaka wa pili. Alikuwako msichana mmoja aliyeteswa sana na ngeli. Alisema "kitabu yangu" na "watu mzuri", leo na kesho na kesho kutwa. Kila baada ya kipindi alibaki nyuma, daftari mkononi, akiuliza kwa nini. Sikulitia swali lake katika mizani. Nilitia makosa yake tu. Niliandika sentensi moja: hana sikio la lugha. Fedha akapewa mwingine.

Alikuja kuniaga mwisho wa muhula. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimerudisha vitabu vyako. Vimenisaidia sana." Niliitika, nikamtakia heri, naye akaenda zake. Nilikuwa nikivipanga vitabu rafuni nilipotambua kwamba ngeli zote zilikuwa mahali pake. Nilitoka ukumbini kumtazama, nikakuta milango imefungwa na theluji inayeyuka nje. Sikumwona tena mpaka leo.

Msomaji anajua mwisho wa habari ya yule kijana mwembamba. Alitajwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2019, na tena mwaka 2020. Tarehe 20 Julai 2021 alifunga pointi 50 katika mchezo wa mwisho dhidi ya Phoenix Suns, na Milwaukee wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu 1971. Mtu wa Mombasa alinipigia simu kunicheka, na ilikuwa haki yake. Lakini yeye naye alikuwa amepatia nusu. Kijana hakuwa mtupaji wa mbali. Alitawala kwa kukiendea kikapu kwa nguvu na hatua ndefu, katikati ya wale wanaume wazito aliowahofu mzee. Na usiku ule wa ubingwa alitupa mitupo huru 19 akaingiza 17, ingawa kwa wiki nyingi kabla ya hapo mitupo hiyo hiyo ilikuwa kichekesho cha mashabiki. Kwa hiyo hata aliyeiona nyota hakuijua rangi yake.

Sisemi kwamba kila chipukizi atakuwa mti mkubwa. Hayo si kweli, na kumwahidi mtu yasiyo kweli si wema. Lakini nimeona kwamba hukumu juu ya mtu anayeanza si utabiri mtupu. Hukumu yenyewe ni sehemu ya mambo yatakayomjenga au kumbomoa. Kijana wa Athens aliangukia timu iliyoshindwa sana, ambayo haikuwa na la kupoteza, ikampa michezo 77 ya kukosea mbele ya watu. Asubuhi yake ilikuwa ndefu kwa sababu alipewa muda wa kupambazukiwa. Bennett aliitwa jua kabla ya mapambazuko, kisha akalaumiwa kwa kuwa kulikuwa bado giza.

Tena iko tofauti kati ya hukumu ya mashabiki na hukumu ya mwalimu, na tofauti hiyo hunizuia usingizi. Shabiki husema apendavyo, na kesho yake ubao wa alama humkanusha au humthibitisha. Sentensi yangu haikupelekwa mbele ya ubao wowote. Iliingia katika faili ikakaa humo kama kweli.

Sasa nafundisha nyumbani, na kila mwaka huletewa fomu za kujaza. Siandiki tena kwamba fulani ana sikio au hana. Naandika alichokifanya, alichokosea, na alichokiuliza; kisha hutia tarehe, na mwisho wa maoni huongeza maneno mawili: mpaka leo. Karani mmoja aliwahi kuniuliza, "Dokta, maneno haya ya nini?" Nilimjibu kwamba ni deni ninalolilipa kidogo kidogo.