Aliona aibu magimbi ya mama yake, akaja kuyalipia Guangzhou

Kuna mshikaji mmoja wa Kikinga, mzaliwa wa Tandala kule Makete, mkoa wa Njombe, ana duka la mabegi Kariakoo. Jamaa anavaa, anajua kuongea, na kwa mwaka anakwenda Guangzhou mara mbili tatu kufuata mzigo. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkera: magimbi ya bi mkubwa.

Kila msimu mama alikuwa anampa kondakta kiroba. Kinapita Njombe, kinapita Makambako, kinashuka Dar kikiwa bado na udongo wa bondeni. Jamaa anakipokea usiku, anampa mlinzi. Mchumba wake, mtoto wa mjini, alipouliza kuna nini humo, akajibiwa, "Vyakula vya kijijini hivyo, achana navyo."

Vikao vya harusi vilipoanza, mama akaomba kitu kimoja: magimbi yawepo mezani. Jamaa akamjibu kwenye simu, "Mama, wageni watanicheka." Mama akasema, "Haya, mwanangu." Kiroba hakikuja tena.

Sasa safari iliyofuata, mwenye kiwanda akamtoa kunywa chai. Guangzhou chai ya asubuhi ni shughuli nzima: mnazunguka meza, vinaletwa visahani vidogo vidogo, ndiyo dim sum yenyewe. Kikaja kipande cha mraba, nje kimekaangwa hadi kahawia, ndani laini, kina uduvi na soseji ya nguruwe iliyokaushwa. Jamaa akamaliza sahani, akaagiza ya pili. Akauliza hiki ni nini. Mwenyeji akatafuta picha kwenye simu, akamwonyesha.

Gimbi. Lile lile, na manyoya yake.

Kumbe Wakantoni wanalikata vipande vidogo, wanachanganya na unga wa mchele, wanapika kwa mvuke, likipoa wanakata na kukaanga. Ndugu yake wa figili nyeupe analiwa sana Mwaka Mpya wa Kichina, kwa sababu jina la keki hiyo linatamkwa sawa na neno lao la "juu": ukila, mambo yako yanapanda. Mzizi wa shambani, wenzetu wameupa baraka ya mwaka mzima.

Jamaa akamtumia mchumba picha. Jibu likarudi fasta: "Si ndiyo yale ya kwenye kiroba? Mbona mlinzi akichemsha huwa nakula naye, matamu balaa."

Hapo ndipo alipokaa kimya. Aliyemwogopa acheke alikuwa anakula siku zote, na aliyeumia ni mama peke yake.

Alipompigia, mama hakugomba. Alisema tu, "Ya mwaka huu nimeshauza Njombe mjini. Yaliyobaki yako ardhini. Ukiyataka, njoo uchimbe mwenyewe."

Habari za uhakika ni kwamba tiketi za basi zimekatwa mbili, ya jamaa na ya mchumba, na kamati ya harusi imeambiwa ifungue upya bajeti ya chakula. Kama mama amesamehe, hilo watalijua wakifika na jembe mkononi.

Ila linauma kidogo: utamu wa jikoni kwa mama yake, ilibidi aambiwe na Mchina. Wewe kiroba chako cha nyumbani kikifika stendi, unakipokea mchana au unasubiri giza?