Merikebu Ilivunjika, Watu Wakafika



Kuna msiba mdogo usiohesabiwa kati ya misiba, kwa sababu hakuna anayezikwa. Ni pale vyombo vya nyumba vinapoharibika vyote kwa juma moja: frigo inanyamaza, pampu ya kisima inakataa kuvuta maji, pasi haipati moto, pikipiki inazimika njiani. Kikiharibika kimoja, tunaita fundi. Vikiharibika viwili, tunahesabu franka zilizobaki. Vikifika vitatu au vinne, tunaacha kuhesabu na kuanza kuuliza swali jingine, tena kwa sauti ya chini: ni nani anayetufanyia hivi?

Tafakari hii inahusu swali hilo. Tunaliogopa kuliko hasara yenyewe. Pampu iliyoungua hutengenezwa, au hununuliwa nyingine. Lakini mtoto au mzee aliyeitwa mchawi ndani ya nyumba yake mwenyewe, hakuna fundi wa kumtengeneza.

Hapa kwetu Lubumbashi, mwezi wa kwanza ni mwezi wa mvua kubwa. Usiku mmoja wa mwezi huo radi zilipiga, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Asubuhi tulikuta frigo ambayo mama wa nyumba hugandishia maji ya kuuza imekuwa bubu. Pampu nayo haikuitika. Samaki waliokuwa katika frigo tuliwapika siku ile ile kabla hawajaharibika, tukawagawia majirani. Siku mbili baadaye pasi ilitoa cheche na kuzima. Siku ya nne, pikipiki ilikata mnyororo katikati ya matope, na meno ya gia yake yalikuwa yamekwisha.

Majuma matatu kabla ya usiku ule tulikuwa tumempokea mpwa wetu, mtoto wa miaka 11 aliyefiwa na mama yake. Jirani mmoja, mama mwema ambaye tumesaidiana naye miaka mingi, alikuja jioni akatuambia: «Baba Mwalimu, tangu mtoto huyu aingie hapa, ni kitu gani kimebaki kizima?» Alitushauri tumpeleke mtoto katika chumba cha maombi, kwa nabii mmoja anayetambua mambo ya namna hiyo. Mama wa nyumba alimjibu kwa upole: «Mama, tangu mtoto huyu aingie hapa, mimi nimepata mtu wa kunisaidia kuteka maji.» Mazungumzo yakaisha hapo. Lakini kuta zetu ni nyembamba. Usiku ule mtoto hakuja kula bukari pamoja na wengine. Tulimkuta ameketi mlangoni, mikono ameifumbata kifuani, kama mtu anayeogopa kugusa kitu. Akatuuliza: «Mjomba, ni kweli ni mimi?»

Tulimwambia kwamba si yeye. Hata hivyo, waliosomea ualimu wanajua kwamba mtoto hatoki katika hofu kwa kuambiwa «hapana» peke yake. Anahitaji kuonyeshwa. Basi fundi alipofika kesho yake, mzee ambaye ametengeneza vyombo tangu ujana wake, tulimwomba amruhusu mtoto aketi karibu naye na kumshikia vyombo vya kazi.

Mzee alipima frigo kwa kipimo chake. Akafungua mota ya pampu na kuchomoa nyaya za shaba zilizosokotwa ndani. Zilikuwa nyeusi. Akazitia mkononi mwa mtoto, akamwambia: «Nusa, mwanangu. Hii ni shaba iliyoungua.» Kisha akaeleza. Umeme unaporudi baada ya kukatika, nyumba zote za mtaa huanza kuvuta kwa pamoja, nao huwa dhaifu. Mota inajikaza kuzunguka, inashindwa, na kadiri inavyoshindwa ndivyo inavyozidi kuvuta umeme na kupata moto, mpaka nyaya zake zinaungua. Frigo huumia zaidi, kwa sababu ikizimwa na kuwashwa papo hapo, mgandamizo wa gesi iliyo ndani haujatulia, na mota yake inalazimika kuanza kazi ikiwa na mzigo mzito mgongoni. Yafaa kuchomoa waya mara umeme unapokatika, na umeme ukirudi kungoja dakika kama tano kabla ya kuurudisha. Radi nayo huweza kutuma katika nyaya umeme mkali kupita kiasi. Hivyo vyombo viwili vilikufa usiku mmoja kwa sababu vilikunywa katika kisima kimoja.

Na pikipiki? Hiyo tuliielewa wenyewe baada ya kutulia. Tangu pampu ilipokufa, pikipiki ndiyo iliyobeba maji: vidumu vitano vya lita 20 kila safari, yaani kilo 100 juu ya mwendeshaji, katika matope, asubuhi na jioni. Mnyororo uliokuwa umechakaa haukuweza. Pampu iliiangusha pikipiki. Na pasi, waya wake ulikuwa umechoka kwa kukunjwa kila siku miaka mingi. Ilikuwa imenunuliwa mwaka mmoja na frigo, na vitu vilivyoingia nyumbani pamoja mara nyingi huzeeka pamoja.

Tunawaandikia mambo haya ya ufundi kwa makusudi. Vyombo vikiharibika kwa mfululizo, mara nyingi kuna mojawapo ya sababu hizi tatu: chanzo ni kimoja, au kimoja kimekilemea kingine, au vyote vimefikia uzee wao. Anayeuliza «ni nini?» atazipata. Anayeuliza «ni nani?» atapata mtu, na daima atampata aliye dhaifu kuliko wote: yatima, mjane, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa mbabula, mtoto anayekojoa kitandani. Hatujasikia hata mara moja kwamba nabii amemtaja mwenye nyumba anayelipa sadaka.

Swali la «nani» ni la zamani. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa majibu yote mawili, akawaelekeza kwenye kazi ya Mungu iliyopaswa kutendeka wakati ule, kisha akamponya yule mtu. Katika Luka, sura ya 13, anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Hatusemi kwamba uovu haupo duniani. Tunasema kwamba Yezu hakumpa yeyote kati yetu kazi ya kumtafuta mkosefu kila mnara unapoanguka.

Lakini somo ambalo tungependa mlisome pamoja katika makundi yenu ni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma kwa merikebu. Tufani inawashika. Tazameni wanavyofanya mabaharia. Kwanza wanapitisha kamba chini ya merikebu na kuifunga isipasuke. Kisha wanatupa shehena, na siku ya tatu wanatupa hata vyombo vya merikebu kwa mikono yao wenyewe. Baada ya siku kumi na nne za kutokula, Paulo anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kula, nao wanapata moyo. Walikuwa watu 276. Merikebu inapovunjika karibu na pwani, askari wanafanya shauri la kuwaua wafungwa. Ofisa wao anawazuia. Wanaojua kuogelea wanatangulia, wengine wanafuata juu ya mbao na vipande vya merikebu, na wote wanafika nchi kavu.

Hapo kuna kitu tusichokiona upesi. Hatari ya mwisho katika safari ile haikutoka baharini. Ilitoka kwa watu wenye hofu, waliotaka kuua wenzao kwa sababu merikebu imevunjika. Na hata pwani, kisiwani Malta, nyoka alipomshika Paulo mkono, wenyeji waliokuwa wamewapokea kwa ukarimu walisema mara moja kwamba bila shaka mtu huyu ni muuaji. Watu wema pia huuliza «nani». Jirani yetu si mtu mbaya.

Basi sisi tulijaribu kufuata mabaharia na Paulo. Siku ya Bwana, baada ya Misa, tuliketi jamaa nzima, watoto nao, tukaandika kwenye karatasi vyombo vyote vilivyoharibika. Tulijiuliza kipi kikikosekana mtu ataugua. Kipi kikikosekana hakuna chakula. Kipi kikikosekana tutachoka tu. Na kipi kikikosekana tutaona aibu tu. Maji yalikuja kwanza, kwa hiyo mota ya pampu ilisokotwa upya. Pikipiki ikafuata, kwa sababu hutufikisha kazini. Frigo ilingoja miezi miwili, mpaka zamu yetu ya likelemba ilipofika. Wakati huo wote mama wa nyumba aliuza karanga za kukaanga mahali pa maji baridi. Faida ilikuwa ndogo, lakini haikuhitaji umeme. Pasi hatukuitengeneza kabisa. Hatukukopa kwa mkopeshaji wa mtaani anayetaka kurudishiwa mara moja na nusu, maana deni la namna hiyo ni chombo kingine kinachoharibika kila mwezi. Na kila jioni tulikula pamoja, wote, katika sahani moja kubwa, na mtoto yule tulimketisha katikati. Mkate ule wa Paulo, sisi tuliuelewa hivyo.

Tangu siku ya fundi, yeye ndiye mlinzi wa umeme nyumbani. Umeme ukikatika, hata usiku, tunasikia miguu yake ikienda kuchomoa waya wa frigo. Ukirudi, anahesabu dakika tano kwa sauti. Mikono ile iliyoogopa kugusa chochote ndiyo inayolinda vyombo vyetu leo.

Yule jirani alirudi baada ya siku kadhaa akiwa ameshika pasi yake ya makala. Alikuwa amesikia kwamba watoto wanakwenda shuleni na nguo zenye mikunjo. Alimkabidhi mtoto mwenyewe pasi ile na kumfundisha jinsi ya kupepea makala bila kutia majivu juu ya shati jeupe. Hakusema neno juu ya habari za kwanza, nasi hatukumdai neno. Tuliona kwamba pasi ile ilikuwa imekwisha kusema.

Vijana, ninyi ndio mtakaokuwa wenye nyumba kesho, na tayari leo katika nyumba nyingi ninyi ndio mnaojua kusoma, kupima na kueleza. Jueni kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kuwa ni mchawi, na kwamba sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu kwa kifungo anayefanya hivyo. Lakini msingoje sheria. Sheria hufika baada ya mtoto kutupwa njiani. Ninyi mnaweza kufika kabla. Mkisikia katika shirika lenu la msingi kwamba katika nyumba fulani kila kitu kinaharibika, nendeni siku ile ile. Mwenye ujuzi wa umeme atazame nyaya. Mwenye kidumu achote maji. Mwenye pikipiki awapeleke watoto shuleni juma moja. Na mmoja wenu aketi karibu na yule ambaye jina lake limeanza kutajwa kwa sauti ya chini, ale pamoja naye, ili watu wamwone.

Kwa mkutano wenu ujao tunapendekeza maswali matatu. Katika nyumba zetu, hasara ikija, ni nani anayelaumiwa kwanza, na kwa nini ni yeye daima? Katika tufani ile ya Matendo ya Mitume, sisi tungekuwa upande wa askari au upande wa ofisa aliyewazuia? Na katika shirika letu, ni nyumba gani sasa hivi isiyo na maji, au pikipiki, au moto wa kupikia, nasi tunaweza kuifikia kabla ya Siku ya Bwana?

Swali la tatu lisiishe kwa kujadiliwa. Andikeni jina la nyumba ile, gawaneni kazi, kisha mfunge mkutano kwa Baba Yetu na kwenda.