Chumvi Jokoni

Mfinyanzi wa Westerwald, Ujerumani, alipokwisha kukausha magudulia yake na kuyachora maua ya samawati kwa kobalti, hakuyapaka kitu cha kuyang'arisha. Aliyapanga jokoni, akakoka kuni, akangoja. Joto lilipofikia takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi, ndipo alipotwaa chumvi, chumvi ile ile ya mchuzi, akaimwaga katika matundu ya juu ya joko.

Chumvi hiyo iligeuka mvuke papo hapo. Sodiamu ikaachana na klorini, ikaushambulia udongo na kushikamana na silika iliyomo. Zao la ndoa hiyo ni kioo. Kwa hiyo mng'ao huu si vazi alilovishwa gudulia. Ni ngozi yake, nao mwili wake wenyewe umechangia kuiumba. Ukiipapasa utahisi vinundu vidogo mithili ya ganda la chungwa. Fundi alivuta pete ya udongo kwa ufito wa chuma ili kupima kama ngozi imekomaa. Kama bado, aliongeza chumvi.

Mbinu hii ilishamiri katika bonde la Rhine tangu karne ya 15. Magudulia ya Frechen, yenye sura ya mzee mwenye ndevu shingoni, yaliuzwa hadi Uingereza, ambako mwaka 1672 John Dwight alipata hataza ya kutengeneza vyombo vya namna hiyo.

Na ile klorini je? Aghalabu wasifiaji wa vyombo hivi huisahau. Iliungana na haidrojeni, ikatoka dohani kama wingu jeupe la asidi, likawawasha macho na koo waliokuwa karibu, wanunuzi na wasionunua. Joko nalo halikusalimika, maana matofali yake yaling'arishwa na kuliwa pamoja na vyombo. Mwaka 1956 Uingereza ilipitisha sheria ya hewa safi. Mwaka huo huo kiwanda cha Doulton cha Lambeth, London, kilichosifika kwa kazi hii, kiliacha uzalishaji.

Tangu miaka ya 1970 wafinyanzi wengi wamegeukia magadi, ndugu ya yale yanayochimbwa Kajiado na kulainisha maharagwe jikoni. Magadi yana sodiamu bila klorini. Hata hivyo, mvuke wake hausambai sawasawa: upande unaoelekea moto hung'aa, wa pili hubaki mkavu. Wapo wanaolalamika. Wapo pia wanaoupenda upande ule mkavu.