Kumi bora ilikuwa ya nani?

Naimisi kumi bora ya TV. Nimesema. Ile ya kila wiki, nyimbo kumi zikihesabiwa kurudi nyuma mpaka namba moja, prezenta amevaa miwani ya jua usiku, na wewe umekaa kwa mkeka juu kochi ni ya wakubwa. Wadogo zangu huniuliza, "Kwani mlikuwa mnangoja wiki nzima kusikia wimbo?" Ndio, tulingoja. Leo nataka kuwaambia kwa nini kungoja huko kulikuwa na maana, halafu niwaambie kwa nini sitaki kipindi kirudi vile kilivyokuwa.

Nimelelewa Shauri Yako, Homa Bay. Ploti yetu ilikuwa na TV mbili, na moja ilikuwa ya mama mwenye duka ambaye hakupenda kelele. Kwa hivyo siku ya chati tulijaa nyumba moja, watoto wa nyumba sita. Stima ikipotea wimbo wa tatu ukiwa hewani, basi. Namba moja utaambiwa Jumatatu shuleni, na huyo wa kukuambia anaweza kuwa anadanganya. Kulikuwa na kijana darasani aliyeapa kwamba Diamond ameshika namba moja wiki nne mfululizo. Kwao hawakuwa hata na TV.

Utamu ulikuwa kwa mabishano. Sauti Sol walipotoa Sura Yako mwaka 2014, ploti iligawanyika: wao au Diamond na Davido? Tuligombana hadi tukanyimwa chai. Lakini tuligombana juu ya orodha moja. Msee wa Migori, wa Kisumu na wa Eldoret waliona namba moja ile ile, jioni ile ile. Baadaye, nikiwa sekondari, Citizen wakaleta 10 Over 10, Ijumaa usiku, na Joey Muthengi na Willis Raburu. Hata jina lilituchekesha, kwa sababu lilitaja saa kwa Kizungu. Kwetu kipindi cha kumi kilianza saa nne.

Hii kitu haikuanzia Kenya. Uingereza walikuwa na Top of the Pops ya BBC, iliyoanza tarehe 1 Januari 1964 katika studio iliyokuwa kanisa, huko Manchester. Iliendelea kila wiki hadi Julai 2006, miaka 42. Sheria zake zilikuwa rahisi: wimbo unaoshuka kwa kawaida haupigwi, na namba moja inafunga kipindi. Kila chati uliyowahi kuona kwa TV ina damu ya hiyo.

Sasa swali ambalo hatukuwahi kuuliza tukiwa kwa mkeka: nani alikuwa anahesabu?

Uingereza walihesabu mauzo. Kuanzia 1969 hesabu zilitoka kwa maduka kama 250 ya sahani za muziki yaliyochaguliwa. Inaonekana haki, sivyo? Lakini miaka ya 80, watu wenye asili ya India na Pakistan walioishi kule walikuwa wananunua kaseti za bhangra kwa wingi sana, wakizinunua kwa maduka yao ya mtaani, yale ya nguo na vyakula. Hayo maduka hayakuwa kwa hesabu. Kwa hivyo bendi ilikuwa inajaza kumbi, inauza kaseti kama mkate, na kwa TV ni kama haipo. Hakuna aliyeichukia. Haikuhesabiwa tu.

Niliposoma hiyo habari nilicheka peke yangu, kwa sababu hiyo ni Homa Bay kabisa.

Sisi tuliambiwa tutume SMS kwa namba fupi, na kila SMS ilikula kredo ya mzazi. Hakuna siku tulionyeshwa jumla ya kura. Prezenta alisema tu, "Mmeamua," na sisi tukaamini tumeamua. Na katika hizo kumi, niambie kama unakumbuka ohangla hata mara tatu. Mimi sikumbuki. Ilhali hapa, ukipanda matatu ya Mbita ni ohangla. Ukienda duka la movie kuwekewa nyimbo kwa memori kadi ni ohangla. Harusini ni ohangla, na disko matanga pia, kabla polisi hawajaja kuizima. Prince Indah, Musa Jakadala na Emma Jalamo wanajaza ukumbi mpaka watu wanasikilizia nje. Kwa TV ya kitaifa waliwekwa kando na Ramogi FM, kana kwamba hiyo ni habari ya kijijini.

Msiniambie shida ni lugha. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walichukua neno la Kijaluo, wakaliundia Unbwogable, na nchi nzima ikaimba mpaka uchaguzi ukageuka sherehe. Hakuna aliyedai tafsiri kwanza.

Nina ushahidi mwingine, mdogo lakini ni wangu. Mapema 2015, wakati wa vita vya kuhamia dijitali, NTV, KTN na Citizen zilizimwa kwa karibu wiki tatu. Hakuna chati. Darasa letu likatengeneza yake, nyuma ya kitabu cha hesabu, kila dawati kura moja. Sauti Sol wakawa namba mbili, Diamond namba nne. Namba moja ikaenda kwa wimbo wa Tony Nyadundo, ngoma ya zamani ambayo wazazi wetu ndio walikuwa wakiicheza. Watoto wa miaka kumi na mbili! Hatukuwa tunajaribu kutetea utamaduni. Tulipiga kura vile masikio yetu yalikuwa. TV iliporudi, kitabu tukakitupa, tukarudi kuamini ile nyingine.

Na kama unadhani watu wa huku hawajui kupiga kura ya muziki, hujawahi kuona pakruok. Bendi inapiga, mtu anasimama, anasimamisha wimbo kwa pesa yake mwenyewe, anajisifu, anawasifu wakwe na rafiki zake, kisha mwimbaji anaendelea. Kila mtu ukumbini ameona nani ametoa na wimbo gani umetolewa. Hiyo ni chati isiyo na SMS, na hesabu yake iko wazi mezani.

Basi ikaja YouTube, nasi tukasema sasa tumekombolewa. Kuanzia 2015 kulikuwa na ukurasa wa Trending, na wasanii wetu wakawa wagonjwa wa kuposti "namba moja Trending". Angalau bado ilikuwa orodha moja, hata kama watu walinong'ona kwamba views zinanunuliwa. Julai 2025 YouTube wakaanza kuuondoa huo ukurasa. Sasa kila simu ina kumi bora yake. Yangu inanijua, inanipa ohangla hadi nachoka. Ya dada yangu inampa amapiano. Tunakaa kochi moja, tumeziba masikio, na hakuna cha kubishania. Nisikize vizuri: zamani hatukuhesabiwa, sasa tunahesabiwa mmoja mmoja, gizani, na kampuni ambayo haituonyeshi kitabu.

Juni 2025 Madaraka Day ililetwa hapa kwetu, Rais akaja, barabara zikapakwa rangi. Poa sana. Lakini hakuna atakayeleta hesabu ya muziki hapa. Hiyo itabidi tuifanye wenyewe.

Kwa hivyo nimeanza. Niliacha chuo mwaka wa pili. Takwimu nilizipenda, karo ndio haikunipenda. Hizo takwimu nimeziweka kazini. Kila Alhamisi natembea na daftari: stage ya magari ya Mbita na ya Rodi, vinyozi watatu, duka moja la movie, na akina mama wa omena sokoni, ambao redio yao haizimwi. Nauliza swali moja: wiki hii umerudia wimbo gani? Mtu mmoja, kura moja. Siulizi msanii anatoka wapi wala anaimba lugha gani. Ijumaa saa nne usiku naposti kumi bora, na chini yake picha ya daftari lenyewe, kura kwa kura, ili ukiona nimekosea kujumlisha uniseme.

Wiki ya kwanza mama mmoja wa omena alinitolea macho. "Nyathina, sasa hata kusikiza redio mnaandika?" Nikamweleza. Akanitajia wimbo wa D. O. Misiani, mtu aliyefariki mwaka 2006, mimi nikiwa mtoto mdogo. Nikauandika. Jirani yake akasema hiyo si ya wiki hii, afute. Wakaanza kugombana, wateja wakaingilia, na mimi nikasimama hapo na kalamu nikifurahi kama mjinga.

Kama uko Migori, Rongo, Ndhiwa au Oyugis na una daftari na mdomo, niandikie tugawane stage. Kama unaona kumi bora ya wiki hii ni takataka, shuka kwa komenti useme ni wimbo gani umeachwa na umeusikia wapi.