Alama Tisa za Safari

Wachezaji wa Scrabble hupenda kukariri maneno ya Kiingereza yaliyo adimu, na miongoni mwa yanayokubaliwa katika mchezo huo yamo bwana, askari, panga na safari. Kwa mkazi wa Bagamoyo maneno hayo si adimu hata kidogo. Kilicho kigeni kwake ni thamani yake. Herufi k, ambayo Kiswahili huitumia kila mara, katika seti ya Kiingereza imo moja tu, nayo ina alama 5. Kwa sababu hiyo askari huleta alama 10, na safari 9.

Hesabu hiyo haigusi maana. Safari, neno lenye asili ya Kiarabu, katika Kiswahili ni mwendo wowote wa mbali, uwe wa harusi, wa matanga au wa biashara. Richard Burton, aliyevuka kutoka Unguja hadi Kaole, jirani ya Bagamoyo, mwaka 1857, alilitumia kwa maana ya msafara katika kitabu chake cha mwaka 1860. Baadaye Kiingereza kililifinya likawa uwindaji, kisha matembezi ya kutazama wanyama. Mpagazi aliyeteremsha pembe za ndovu Bagamoyo hayumo tena katika maana hiyo.

Jina la mji wenyewe, ambalo wengi hulihusisha na kubwaga moyo, haliruhusiwi mchezoni kwa kuwa ni jina la mahali. Huenda ni heri: limesalimika na kuhesabiwa alama.