Kastellorizo: Uhai Ulitoka Ng'ambo

Kutoka Rhodes, meli huelekea mashariki kwa takriban kilomita 125, na kushoto kwako milima ya Uturuki haikatiki. Kastellorizo kilipotokea sikuweza kukitenga na milima ile. Kati ya kisiwa hiki cha Ugiriki na bara ya Uturuki pana kilomita 2 hivi tu za maji.

Kisiwa kina kilomita za mraba 9 hivi, karibu zote mawe ya chokaa. Mto hakuna. Watu walikinga maji ya mvua kwenye mabirika. Magharibi yake kipo kisiwa cha Ro na mashariki kile cha Strongyli, vidogo zaidi na vikavu vilevile. Nilipanda hadi kwenye ngome ya Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, iliyojengwa juu ya mwamba mwekundu. Chini yake kuna kaburi la Walycia, watu wa kale wa pwani ya ng'ambo, limechongwa mwambani tangu karne ya 4 kabla ya Kristo. Makaburi ya namna hiyohiyo yako mjini Kaş, ng'ambo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 waliishi hapa watu wapatao 9,000. Juu ya mawe haya wangekula nini? Jibu liko upande wa pili wa mlango wa bahari. Wenyeji walikuwa na mashamba na malisho kule, na majahazi yao yalipeleka mbao na mkaa wa Anatolia, yaani bara hiyo ya Uturuki, hadi Misri. Fedha hiyo ndiyo iliyojenga nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao zinazoizunguka bandari. Msikiti wa karne ya 18 bado umesimama hapo ufukweni. Sasa ni makumbusho.

Kisha ng'ambo ikafungwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wafaransa waliingia kisiwani 1915, na Januari 1917 mizinga ya Waturuki kutoka bara ikaizamisha bandarini meli ya Kiingereza, Ben-my-Chree. Waitalia walishika utawala 1921. Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana raia kuanzia 1923, Wagiriki wa pwani ile waliondolewa, na kisiwa kikabaki bila shamba wala soko. Vijana wakakimbilia Australia.

Vita vya Pili vya Dunia viliwaondoa waliosalia. Mwaka 1943, baada ya mabomu ya Wajerumani, Waingereza waliwahamishia watu Cyprus, kisha Gaza. Mwaka 1944 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Septemba 1945 meli Empire Patrol, iliyokuwa ikiwarudisha kwao, ilishika moto baharini na watu 33 wakafa. Walikuwa wameshaianza safari ya nyumbani! Msiba huo ndio ulionichoma kuliko yote.

Wageni huambiwa zaidi habari za Despina Achladioti, aliyepandisha bendera ya Ugiriki kila siku kisiwani Ro hadi alipofariki 1982. Anastahili heshima yake. Lakini bendera haikuwarudisha watu. Leo wakazi ni mia chache tu.

Boti ndogo huvuka tena kwenda Kaş, na wenyeji hufuata mahitaji yao huko. Ukijaliwa kufika, vuka nawe. Historia ya Kastellorizo haisomeki vizuri kutoka upande mmoja wa maji.